Fundi aliyeijenga nyumba ya Yanonge

Tonton Ramazani, mjomba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kisangani, kwako na kwa mafundi wako wote wa ujenzi huko Kindu.

Jana nilikuwa karibu na Yanonge, mvua ikanikimbiza hadi kwenye nyumba ya zamani ya shamba la kahawa. Ungeipenda! Matofali ya kuchoma yamepangwa sawasawa, kuta ni nene, baraza inaizunguka pande zote, na ndani hapakudondoka hata tone.

Kwa kuwa nilijaa matope, nilielekea mlango wa nyuma. Mwenye nyumba, bibi mmoja anayeitwa Mama Albertine, akanizuia.

"Hapana, pita huku mbele! Papa yangu ndiye alijenga hii nyumba, lakini wazungu wenye shamba hawakumuacha apite mulango hii hata siku moja. Donc mugeni yangu hapiti nyuma."

Nikapita. Tukala pondu ya majani ya muhogo na samaki, nikamuuliza baba yake aliitwa nani. Akaweka kijiko chini, machozi yakimlengalenga.

"Wageni wote wanauliza jina ya muzungu," akasema. "Papa aliitwa Lifoli."

Mtie kwenye dua zako, Tonton. Alikuwa fundi kweli.

Mungu akutunze.

Mtoto wako,
Asha