Kama Yule wa Namba Saba Aliinuka

Mgori,
kupitia Posta ya Singida,
Tanganyika.
19 Agosti, 1956.

Mpendwa kaka Leonidas,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Nairobi, wewe na wifi Theodora na watoto. Je, kile kifua kilichomsumbua wifi wakati wa baridi kimepona? Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu. Mama anafika kisimani na kurudi, ingawa anagombana na magoti yake njia nzima.

Mtama tumekwisha kuuvuna. Uwele umeliwa na ndege, lakini kihenge kimoja kimejaa na hatutalala njaa.

Sasa nije kwa mdogo wetu Mathayo, maana najua ndiye unayemtafuta katika kila mstari. Miguu bado haijarudi. Tangu alipoanguka mtini akitundika mzinga wa nyuki, mwaka juzi, analala palepale chumba cha mbele, akisuka kamba za mizinga ya wenzake. Unakumbuka Baba alivyotukataza kutaja kuanguka ndani ya nyumba. Hata chungu kikidondoka tunakiokota kimya.

Ndiyo maana magazeti ya mashindano ya pikipiki uliyotutumia yalitushtua. Watu wazima, wamejaa matope mpaka meno, wanarusha pikipiki juu ya vilima kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi. Mimi niliona ni wazimu mtupu. Siku hizi namfunulia Mathayo kurasa huku akisuka, na mkono wangu wenyewe unachelewa kufunua, maana nami natazama.

Nilimuuliza anapenda nini humo, naye hata Kiingereza hajui. Akasema, "Hawa wakianguka wanapigwa picha. Hakuna anayewaficha."

Kuna ukurasa mmoja aliokuwa akiurudia kila siku. Mwendeshaji wa namba saba amelala matopeni, na pikipiki imemlalia miguuni. Baba alipouona alidhani mwanawe anajitonesha kidonda. Akayakusanya magazeti yote, akayafukia ndani ya kihenge, chini ya mtama. Alifanya kwa mapenzi, kaka, usimkasirikie.

Mathayo hakulalamika. Aliacha tu kamba zake, akageukia ukuta, na chakula akawa anakisukuma. Hata asali hakuigusa. Niliogopa sana. Mama alikuwa akienda kulia zizini ili asisikike.

Mwisho Baba akaketi kando ya kitanda, akamuuliza kwa Kinyaturu, kwa upole ambao sijausikia tangu tukiwa wadogo, anataka nini. Mathayo akajibu bila kugeuka, "Nataka kujua kama yule wa namba saba aliinuka."

Baba aliinuka. Kisha akatoka, akazamisha mkono kihengeni, akarudi na gazeti lenye punje za mtama katikati ya kurasa. Wakalitazama pamoja, vichwa vimegusana. Nikamsikia Baba akiuliza, "Na huyu, baba yake alikuwepo?" Jioni ile Mathayo alikula ugali wake wote, nami nilitoka nje nikalia.

Tumemwomba Mwalimu Urbano atusomee maneno yaliyo chini ya picha. Yanataja mvua na jina la mahali, basi.

Uliniuliza kama uache kuyatuma. Usiache. Mwombe tajiri wako hapo gereji gazeti linalofuata hilo, hata likiwa limechanika. Kama aliinuka, tuma. Kama hakuinuka, tuma vilevile. Mathayo anasema atavumilia, ila hataki kufichwa tena.

Shangazi Klara anakusalimu, anasema umesahau sura yake. Mama anawabusu wajukuu. Mungu awatangulie ninyi nyote kazini na nyumbani, na atupe siku ya kuonana.

Baba naye anakusalimu. Amesimama hapa mlangoni, anangoja nifunge bahasha aipeleke mwenyewe kwenye lori la Singida. Anasema nisisahau kuandika namba. Ni saba.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Raheli Manase