Kishikwambi Kimeachwa na Waliokiunda, na Binti Yangu Anakuja Kukichukua

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba radhi, kwa kuwa najua ukurasa wako ni wa watu wenye taabu kubwa, waliokimbiwa na wake zao au waliofukuzwa na wakwe, na mimi ninakujia na habari ya kifaa, lakini nimelitafakari jambo hili nikiwa nimeketi na nikiwa nimesimama, nimeliombea pia, na sioni pengine pa kulipeleka.

Mimi ni mgane, mkazi wa Silanga, Kibera, upande wa bwawani. Nilikuwa seremala kabla mgongo haujanishinda. Nilisomeshwa na wamisionari huko kwetu Bungoma, ambako tulifundishwa kwamba barua isiyo na jina ni barua ya mwoga, kwa hiyo tafadhali usinifiche, jina langu lichapishe, na majina ya wengine niliowataja yachapishe vilevile, kwani nimewaandika kwa heshima.

Marehemu mke wangu, Nelima, alinunuliwa kishikwambi na binti yetu Bridgit, aishiye Kawangware 46, ili awe akiwaona wajukuu wakati miguu yake ilipokataa safari, naye alikipenda, alikilaza kando ya mto wake kama kitabu cha nyimbo, na alipofariki kikabaki kwangu, nami nikaendelea kukipangusa vumbi na kuzungumza na Bridgit kwa picha kila Jumapili baada ya ibada.

Sasa niruhusu nimtaje jirani yangu. Yuko mjane mmoja kutoka Kitui, jina lake Mbula, ambaye sisi sote humwita Mama Kaveke, auzaye sukuma wiki na makaa hatua chache kutoka kwangu. Binti yake Kaveke alijifungua mtoto huko Machakos, na Mama Kaveke ana simu ya kabambe isiyoonyesha picha, akaniuliza kwa adabu kama angeweza kumtazama mjukuu kwenye kishikwambi changu, nami ningekataaje? Tangu siku hiyo, kila jioni akishafunika makaa yake, alipita. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa na nyumba yangu ni chumba kimoja, kila alipoingia nililifunga pazia la mlangoni fundo, likaning'inia juu, ili apitaye aone kwamba ndani wameketi watu wawili, taa inawaka, na hakuna jambo.

Ndipo asubuhi moja kishikwambi kikaandika maneno ya Kiingereza, ya adabu lakini makavu, kwamba programu ya kuongea kwa picha haitafanya kazi humo tena. Nilikivika kitambaa nikakipeleka Makina kwa fundi wa simu aitwaye Wangoi, binti mwepesi wa mikono na wa ulimi pia.

"Guka, hii tableti wenyewe walishaiacha," akaniambia, akiniita babu kwa Kikikuyu. "Haipati apdeti tena. Si virusi, si maji. Ni uzee tu."

"Hakuna dawa, binti yangu?"

"Dawa ni kununua ingine. Hii enda nayo home ukatie nyanya juu yake."

Nilimshukuru. Jioni hiyo nilimweleza Mama Kaveke, naye akasema, "Basi, Mzee, sitakuwa nakusumbua," akasimama, na mimi, naomba radhi, nikajisikia nikisema kwamba kishikwambi bado kina kazi nyingine nyingi, ilhali sikuijua hata moja. Nikabonyeza hapa na pale kwa hofu, na Mungu akanifungulia mchezo wa drafti, ambao hauhitaji mtandao wala ruhusa ya mtu.

Basi tukawa tunacheza drafti. Betri ya kishikwambi imechoka, hakiwaki ila kikiwa kwenye umeme, na waya wake ni mfupi, na karibu na soketi panatosha benchi moja tu, kwa hiyo ilitulazimu kuketi hapo. Wangoi aliwahi kutaka kunipa waya mrefu, karibu wa bure, nikamjibu kwamba huu uliopo unatosha. Mama Kaveke hucheza kwa ukali. "Mzee Khamala, wewe unacheza kama mtu anaomba ruhusa!" huniambia. "Kula basi! Unaogopa kete?" Na kete yake ikivuka hadi upande wangu ikawa kingi, hupiga paja lake na kusema, "Leo utalala umenuna!" Sijawahi kulala nimenuna.

Hapa ndipo taabu inapoanza. Bridgit alikuja kunitazama, akajaribu kishikwambi, akakiweka chini.

"Baba, hii kitu hata haiwezi kunionyesha uso wako. Kwa kabambe yako kila siku unasema uko sawa. Hata ile wiki ulikuwa na homa ulisema uko sawa."

"Nilikuwa nimeanza kupata nafuu, mwanangu."

"Ulikuwa umelala chini, Baba! Huku Silanga uko peke yako. Kuja Kawangware, tuna rumu imekaa tu."

Nilimwambia nimezoea hapa, na kwamba kishikwambi bado kinafanya kazi.

"Kazi gani?"

"Kazi mbalimbali."

Akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama. "Sawa. Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja na pikap. Ukinionyesha kazi moja ya maana hiyo tableti inafanya hapa, moja tu, nakuacha nayo na sitakusumbua tena. Ukikosa, tunafunga mzigo, na hiyo naipeleka ikavunjwe ya spea."

Ningewezaje kumtajia drafti, tena kwenye kishikwambi cha mama yake? Nikaanza kutafuta kazi. Nilikifanya saa ya ukutani, lakini umeme ukikatika husahau wakati na kuamka kikidai ni miaka mingi iliyopita. Nilikifanya kifuniko cha ndoo ya maji, kikateleza. Nilimwuliza Ojwang, fundi wa viatu aliye mkabala na kibanda cha Mama Kaveke, naye akasema, "Mzee, lete nikatie ngozi juu yake. Ni ngumu, imenyooka, na haina maoni." Nilimwuliza mzee wa kanisa letu, Bwana Wepukhulu, ambaye alikipima kwa kidole na kusema kingefaa sana chini ya ule mguu mfupi wa mimbari. "Kitakuwa kinalibeba Neno, ndugu Khamala." Nilisema nitaliombea, ingawa mimi ni seremala na mguu ule ungenichukua mchana mmoja kuurekebisha.

Naomba radhi sasa kulisema lililo kweli. Kishikwambi kikienda, Mama Kaveke hatakuwa na sababu ya kuingia kwangu, na pazia halitakuwa na sababu ya kufungwa fundo, na nikihamia Kawangware nitakuwa na chumba kizuri chenye dirisha na sitamwona tena. Sijamweleza kuhusu Jumapili, nisije nikamvuruga katika biashara yake.

Nakuandikia wewe kwa sababu kila Jumamosi alfajiri hutembea hadi Makina kununua gazeti, nikishausoma ukurasa wako humpelekea Ojwang, naye huusoma kwa sauti mbele ya wateja, na Mama Kaveke hucheka hadi akakiweka chini kisu cha kukatia sukuma. Husema wewe ni mwanamke mwenye akili timamu.

Swali langu, basi, ni hili: ni kazi gani ya halali na ya maana inayoweza kupewa kishikwambi kilichoachwa na waliokiunda, itakayomridhisha binti yangu? Nisamehe kwa urefu wa barua.

Wako mnyenyekevu,
Timothy Khamala,
Silanga, Kibera.

JIBU

Mzee Khamala,

Radhi zako nimezipokea zote na nimekurudishia nyingi, maana zimezidi mahitaji.

Mara ya kwanza niliisoma barua yako kama barua ya kishikwambi. Mara ya pili nikakiruka kishikwambi kila kilipotajwa, na barua ikabaki nzima. Mzee wangu, mtu anayetaka kutengeneza kifaa hakatai waya mrefu. Ulipewa waya, karibu wa bure, ukasema mfupi unatosha. Hapo mimi nilifunga faili.

Nakupa pole ya marehemu Nelima, na pole hiyo haina mzaha ndani yake. Ulimtunza, ulikipangusa kifaa chake vumbi, na hakuna anayekudai zaidi. Kucheza drafti kwenye kishikwambi chake hakumwibii chochote. Alinunuliwa kifaa hicho ili aone watu anaowapenda. Kimeendelea na kazi ile ile.

Sasa nikugombeze kidogo. Kwanza, pazia. Unadhani fundo linawaambia wapita njia kwamba hakuna jambo? Pazia likifungwa fundo kila jioni, saa ya Mama Kaveke kufunika makaa, Silanga nzima inajua wewe uko wapi na uko na nani. Hata Ojwang anajua. Bwana Wepukhulu anajua, ndiyo sababu anakitaka kishikwambi kikae chini ya mimbari. Chukua msumeno, mtengenezee mguu wake, umalizane naye.

Pili, Bridgit. Usimfanye adui. Alimzika mama yake, sasa ana baba anayeugua homa na kusema yuko sawa. Pikap hiyo inaendeshwa na hofu. Soma tena alichokuambia: hakusema kishikwambi ni kizee, alisema uko peke yako. Wewe ukakimbilia kutafuta kazi ya kifaa, ukakipachika ukutani na kwenye ndoo, ukamwacha mtoto na swali lake mkononi.

Tatu, na hili limeniudhi. Unajua Ojwang husoma ukurasa huu kwa sauti. Unajua nani hukaa hapo akikata sukuma. Halafu unaniagiza nichapishe majina yote, kwa sababu ya wamisionari! Mzee Khamala, wamisionari hawakukufundisha kuposa kupitia gazeti, mbele ya wateja, kwa mdomo wa fundi wa viatu, mama wa watu akiwa na kisu mkononi. Mama Kaveke amekwambia mara ngapi kwamba unacheza kama mtu anayeomba ruhusa? Ulidhani anazungumzia kete?

Majina nimeyachapisha, maana uliomba, na kwa sababu nyingine utakayoiona sasa hivi.

Leo ni Jumamosi, na kesho ndiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi. Umelinunua gazeti hili Makina, na ninavyokujua umesimama hapo hapo barabarani ukilisoma. Ojwang hajalipata, kwa kuwa Ojwang hulipata kutoka kwako. Basi likunje, litie kwapani, wala usimpelekee mpaka jioni, maana akilisoma kwa sauti majina yote yatasikika, na Mama Kaveke anapaswa kulisikia kwako kwanza. Akilalamika mwambie leo limechelewa. Pita kwa Wangoi, mwambie kabisa asikuwekee ule waya. Kisha nenda kibandani kabla wateja hawajajaa, umwambie Mama Kaveke mambo mawili kwa mdomo wako mwenyewe: kwamba kesho pikap inakuja, na kwamba hutaki kupanda. Usimtajie kishikwambi. Usiombe radhi. Ukisikia neno "radhi" linapanda kooni, limeze na mate.

Na usimdanganye. Mama huyo ana biashara yake, na mjukuu Machakos, na hajatafuta kazi ya kuuguza mzee wala ya kumpelekea Bridgit ripoti za homa. Mwambie unachotaka, si unachohitaji kufanyiwa. Akikataa, nunua sukuma yako kama mteja yeyote, umtakie siku njema, kisha uende Kawangware ukiwa umeinua kichwa. Lakini mwanamke aliyepoteza sababu ya kuja, akapewa drafti isiyo na mtandao kwenye benchi moja, na bado akaja kila jioni, sidhani kama alikuwa anafuata drafti.

Akikubali, kesho mwalike. Hiyo nyumba ni yako, unaruhusiwa kuwa na mgeni Jumapili. Pazia usilifunge fundo. Liache lianguke kama mapazia ya watu wengine, Bridgit alisogeze kwa mkono wake mwenyewe akiingia.

Uliniuliza kazi moja ya maana. Ojwang amesema kifaa ni kigumu, kimenyooka, na hakina maoni. Kipanguse, kichomoe kwenye umeme, ukiweke katikati ya benchi kiwe sinia. Juu yake weka chai, vikombe vitatu. Kimoja mpe Mama Kaveke, kimoja mpe binti yako, na akikuuliza tena tableti inafanya kazi gani hapa, mwambie ashike kikombe chake kwanza, kisha umjulishe kwa mgeni wako.