Tope la Jana Chini ya Kikombe

Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo mchana nusura kisima cha gesi kilipuke. Hakuna aliyeumia, waliwahi kufunga vali. Lakini mwenzangu, ni mimi.

Si unajua kazi yangu ni kupima tope tunalosukuma kisimani, liwe zito la kutosha kuikandamiza gesi isipande. Sasa asubuhi yule mzee anayemwaga unga wa kuongeza uzito, huyu ninayemwita Mjomba, alilichota kwa kiganja akasema, "Mwanangu, hili jepesi. Niongeze magunia?"

Nikamwambia mizani inasema linatosha. Tena mbele za watu, "Mjomba, siku hizi hatupimi kwa viganja."

Hatupimi kwa viganja. Mdomo wangu huu huu.

Vali ilipofungwa ndipo nikageuza kikombe cha mizani. Chini yake kulikuwa na tope la jana, limekauka kama saruji. Asubuhi nzima nilikuwa napima na uzito wa hilo juu yake.

Nikalikwangua. Nikaosha, nikafuta. Hata sikufikiri.

Bosi akaja, akaijaribu mizani kwa maji, ambayo uzito wake unajulikana, ikasoma sawasawa. Akamgeukia Mjomba, "Basi wewe ndiye uliyepunja magunia." Akamsimamisha kazi palepale.

Mjomba hakunitaja. Na mimi sikufungua mdomo, nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Usiniambie labda hajui. Aliniona nikiosha. Kitambaa nilichofutia alinipa yeye.