Baba Amehamishia Kitanda Chini ya Ufa

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ipokee tu, kwa sababu naomba msaada na sina pengine pa kwenda. Mimi ni mwashi, nina miaka thelathini na nne, kazi nimefundishwa na baba mzazi, na ukitaka kumjua baba ujue kwamba aliwahi kubomoa ukuta wa mteja akaujenga upya kwa fedha zake, eti umelala kwa upana wa kidole, na mteja mwenyewe alikuwa hajaona kitu. Mkali, ana maringo, lakini kazi yake haina doa, na mimi nilitembea kifua mbele nikiitwa mtoto wake.

Sasa mwaka huu akaongeza ghorofa juu ya nyumba yetu, na zege la juu, kama alivyotukaririsha sote tangu tukibeba karai, hushikiliwa na miti kwa chini siku ishirini na nane ndipo miti itolewe. Siku ya kumi na moja akaniambia ng'oa. Kisa? Mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi mkandarasi mwenye gari na kofia nyeupe, alisema mbele za watu kwamba mzee amekwisha, basi baba akamwalika Jumapili hiyo aje anywe chai chini ya zege hilo, na hakutaka mgeni akute miti sebuleni. Nikasema, "Baba, siku hazijatimia." Akanizaba kibao mbele ya vibarua. Nikang'oa, mshauri, kwa mikono yangu hii, na mgeni akaja, akanywa chai, akasifu.

Miezi mitatu baadaye niliingia mchana, wengine wote wakiwa msibani, nikamkuta baba amesimama juu ya meza na mwiko mkononi anaziba ufa, umetoka ukutani mpaka kwenye taa, na zege limebonyea katikati, unaliona kwa macho. Kumbe alishauziba mara tatu na kila mara unarudi. Hakufoka. Alishuka, akafuta mwiko, akasema, "Ukisema, umenizika." Kesho yake akawafukuza wajukuu sebuleni, eti wanampigia kelele, akahamishia kitanda chake pale pale chini ya ufa, eti chumbani joto. Nikamsihi tuite mhandisi, turudishe miti. Akanijibu, "Miti haiingii tena kwangu. Likianguka, linikute." Na mama, ambaye hajui lolote, amemfuata, anasema hajalala mbali na mumewe miaka arobaini na hataanza uzeeni. Nikisema nitakuwa nimemvua nguo baba yangu, nikinyamaza, mshauri, hata kuandika siwezi. Nifanye nini nisikose radhi yake?

Fundi mtoto wa fundi

JIBU

Fundi, pole. Nimeshasema pole, sasa nikugombeze.

Umejaza ukurasa mzima habari za baba, mama umempa sentensi moja. Zege unalijua kuliko mimi, na unajua halipigi hodi. Ulipokea kibao ukang'oa miti, na leo unataka nikupe ruhusa ya kutii mara ya pili? Hunipati.

Baba yako namhurumia, tena sana. Macho yaliyoona kosa la upana wa kidole kwenye ukuta wa mtu hayawezi kukosa kuuona ufa huo. Anajua kila kitu. Amejihukumu mwenyewe na sasa anaisubiri hukumu akiwa amelala chali. Kumwambia yule mwenye kofia nyeupe "nimekosea" kumemshinda, kufa hakujamshinda. Inauma kuandika hivyo juu ya mzee wa watu. Ila usimwite jasiri, maana jasiri angemtoa mkewe kwanza.

Mtoe mama na watoto leo. Usimdanganye kwamba kuna mgonjwa mahali, mwambie ukweli wote, na useme aliyeng'oa miti ni wewe, kwa sababu sehemu yako ni yako. Kisha mlete mhandisi, na akisema miti irudi, ibebe wewe mwenyewe kupitia mlango wa mbele, majirani waone. Baba akikataa kutoka, mbebe. Umebeba saruji maisha yako yote, mzee mmoja hatakushinda. Atakulaani, na utakwenda kumpigia magoti mwaka mzima, nawe utakuwa na wa kumpigia magoti.

Barua yako ina mhuri wa posta wa siku kumi na tisa zilizopita, na namba ya simu hukuandika. Nimeipitisha mbele ya barua nyingine zote, zaidi ya hapo sina uwezo. Baba yako amechagua. Mama yako hajachagua chochote, maana hakuna aliyemwambia. Kama sebule bado imesimama unapoyasoma haya, gazeti liache hapo hapo, nenda kamwambie.