Siku Mti Wako Ulipokataa

Baba yangu usiyejibu,

Ko. Ko. Ko. Mgongo wa panga kwenye gome la mti wa muiri. Sauti hiyo imenikaa kichwani kuliko sauti yako mwenyewe, na hilo peke yake linaniudhi. Nikifunga macho sikumbuki vizuri ulivyokuwa ukiitikia salamu, lakini nausikia ule mti wa mpakani, kando ya shamba la viazi, ukigongwa mara tatu. Kisha kimya. Kisha wewe, umeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza simu mahali pasipo na netiweki.

"Umesema nini?" nilikuwa nakuuliza.

"Umekubali."

"Na siku ukikataa?"

"Maitu, mti huu haujawahi kumkataa mgonjwa."

Uliniita Maitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Nadhani ndiyo maana nilikuamini kwa muda mrefu hivyo. Ulichukua gome upande mmoja tu, ukakipaka kidonda samadi mbichi ya ng'ombe, ukatangaza kwamba mti umefungwa. Hakuna jirani aliyethubutu kuugusa hadi samadi ikauke na kudondoka yenyewe. Gome liliingia kwenye sufuria ya supu ya mifupa, na mimi niliponywa kila kitu kwa supu hiyo: mafua, tumbo, hata hofu ya mtihani. Nilikunja uso, nawe ukacheka. "Kitu kitamu hakijawahi kumponya mtu."

Ni sufuria ile iliyonipeleka chuo. Nilitaka kujua ndani yake kuna nini. Hadi leo hiyo ndiyo kazi yangu: nasaga magome na majani, naloweka, nachuja, kisha natazama maji yake yanafanya nini kwa vijidudu vya magonjwa. Unakumbuka siku niliyokuja nyumbani na habari kwamba gome lako limeua bakteria? Nilikuchorea kwa kidole kwenye kitambaa cha meza lile duara jeupe, pale bakteria walipokuwa wamekufa wote. Nilimaliza kwa kusema "lakini". Hiyo "lakini" hukuingoja. Ulikuwa tayari uko mlangoni ukiwaita majirani.

"Msomi wetu amepima! Imepita!"

"Baba, haijapita popote. Hata dawa ya kusafisha choo inaua bakteria, na hakuna anayeitia kwenye supu."

"Hiyo haijapikwa na mifupa," ukasema, na nyumba nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka. Nikikumbuka natamani kurusha kiti.

Kwa sababu, Baba, tulipokuwa tukipanga nguo zako baada ya mazishi, nilitia mkono kwenye mfuko wa koti la kanisani nikatoa vidonge vyako vya presha. Pakiti haikuwa imefunguliwa. Ulikuwa ukivichukua kliniki kwa heshima zote, ukimshukuru daktari, kisha unakuja nyumbani kunywa supu. Nilikaa kitandani pako navyo mkononi, na sikulia. Nilikuwa na hasira mno. Nilitaka uamke tubishane.

Sasa ni Mama. Sukari. Mwezi uliopita alianguka kati ya mistari ya viazi, na jirani aliyemkuta alidhani amekwenda. Hospitali walimrudisha, wakampa dawa na kimashine cha kupima. Juma moja tu, akaanza kunipigia simu huku Nakuru.

"Njoo ugonge mti."

"Mama, umemeza dawa?"

"Hizo dawa zinanichosha. Njoo ugonge."

Ugonge! Wewe ndiye uliyenitia katika haya. Ulinipa panga mbele yake, ukasema mimi ni mzaliwa wa kwanza na pasipo mimi mti usiguswe. Mama, ambaye hajawahi kutii agizo lako hata moja kuhusu ng'ombe, hilo amelishika kama amri ya Mungu. Kulikata gome mwenyewe hathubutu, na dawa hamezi. Anangoja. Nikimweleza kwamba hakuna mtu aliyewahi kupima mti huu kwa sukari, ananijibu kwa maneno yako: "Kama si dawa, mbona chuo kiliupima?"

Siku alipokuja kliniki huku Nakuru nilimpitisha maabara kwangu. Tuna viumbe wadogo sana wa maji ya chumvi, ndugu wa kamba wa baharini, ambao huanguliwa kutoka mayai makavu. Tunawatumia kuona kama kitu kinaweza kudhuru kiumbe chenye uhai, mbali na bakteria. Nilikuwa nimeandaa chupa mbili, moja yenye maji ya gome lako, nyingine yenye maji ya chumvi tu. Mama alivaa miwani, akainama kwenye lenzi.

"Hawa wanacheza," akasema. Nikamsogezea chupa ya gome. "Na hawa wamelala."

"Wamekufa, Mama."

Akavua miwani. "Pole yao. Lakini mimi siishi majini."

Kiprono, tunayefanya kazi naye, alicheka hadi akaweka chupa chini. "Mathe wako amekumaliza," akasema.

Na kweli alinimaliza. Kinachoua kiumbe cha ukubwa wa vumbi si lazima kimdhuru mwanamke anayekunywa bakuli la supu. Au kitamdhuru. Sijui. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote, Baba: miaka yote hii ya kusoma imenipa neno moja la uaminifu, "sijui", na nyumbani kwetu halina soko. Wewe ulisema "umekubali" bila kupima chochote, na watu wakakuletea kuku.

Jumamosi iliyopita nilipanda kwenda nyumbani, Mau Narok. Mama alikuwa ameshanoa panga na mifupa ilikuwa motoni. Tulienda mpakani, yeye mbele, akitembea polepole kwa namna inayonitisha. Niligeuza panga nikagonga. Ko. Ko. Ko. Nikainamisha kichwa kama wewe. Upepo ulikuwa unavuma kwenye ngano ya jirani. Zaidi ya huo sikusikia kitu, kama ambavyo nawe, naamini, hukuwahi kusikia kitu.

"Umesema nini?"

"Umekataa."

"Haujawahi kukataa."

"Leo umekataa. Umesema umeze kwanza za hospitali."

Mimi, Baba. Mimi ambaye siandiki namba ambayo sijaiona kwa macho yangu. Mama alinitazama, akautazama mti, akanitazama tena. Niliinama nikachota samadi kwa mikono miwili, nikaipaka kwenye gome zima, mahali pasipo na kidonda chochote, hadi nilipofikia. Mti ukawa umefungwa.

Umefungwa kwangu pia. Gome nililokuwa nalo limekwisha, na msimamizi wangu anataka nirudie vipimo vyote kwa gome la mti uleule. Siwezi kufungulia chupa zangu mti niliofungia sufuria ya mama yangu. Jumatatu nilimwambia naanza upya na mti mwingine. Alinipigia hesabu ya kazi niliyopoteza. Nilikuwa nimeshaipiga.

Supu ile tuliinywa na vitunguu tu. Haikuwa na ladha. Mama alimeza kidonge mbele yangu, akatoa ulimi nione, kama mtoto, kwa dharau. "Baba yako angejua panga amemwachia nani," akasema. Sijui kama aliniamini. Asubuhi hupiga simu kunisomea namba ya kimashine, kisha anakata bila kuaga.

Panga nimekuja nalo Nakuru. Liko chini ya kitanda changu. Lala, Baba, na ukitaka kubisha, unajua niliko.

Ni mimi, binti yako uliyemwita mama