Mikono Minne Ukutani

Kaka Kimani mpendwa,

Barua hii sitaitia posta. Huko kambini kizuizini barua zenu zinafunguliwa na kusomwa kabla hazijawafikia, na haya nataka uyasikie kwangu. Nimeandika upande mmoja tu wa karatasi. Usidhani nimezoea kufuja, utaona sababu. Habari kwamba unaachiliwa tulizipata Jumatatu. Jumamosi utashuka steshenini hapa Nakuru, na atakayekupokea ni Karanja, mume wangu. Nimemwambia mimi nitabaki nikipika. Chakula kitapikwa kweli, lakini ninabaki kwa sababu ninaogopa kukuona.

Chumba chetu cha landhi, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, ni kidogo. Karanja amekigawa kwa pazia, na upande wa dirisha ni wako. Amepaka rangi ya kijivu upya, kuta ni tupu, hazina hata msumari. Mama Achieng wa mlango wa pili alichungulia jana akacheka. "Wewe Wangari, hii ni nyumba ama ni jela? Bandika kitu bwana, ndugu yako asifikirie amerudishwa kambi!" Akaniletea kalenda ya mwaka jana yenye picha ya ng'ombe, na kurasa za magazeti. Nikapika uji mzito wa ngano wa kubandikia, nikachovya kitambaa, kisha nikakiacha humo humo. Tangu niolewe sijaweka chochote ukutani. Karanja hudhani mimi ni mvivu tu wa mapambo.

Unaikumbuka ile Jumapili kule Subukia, kwenye nyumba za vibarua wa shamba la kahawa? Ulikuwa umekaa msituni na wapiganaji miezi minne. Kila aliyemuuliza mama aliambiwa kwamba ulikwenda Mai Mahiu kutafuta kazi na kwamba hajakuona tena. Ukaja mchana kweupe, watu wakiwa kanisani, umevaa koti lisilo na mkono mmoja. Ulitukuta tumechafuka hadi viwikoni. Mama alikuwa amesiriba ukuta wa ndani kwa samadi na majivu, nami nilikuwa nimechota udongo mweupe mtoni. Nilikuwa nimemlilia tupambe nyumba, kwa sababu kwa mke wa nyapara niliona picha za magazeti ukuta mzima. Sisi hatukuwa na gazeti. "Tuna mikono," mama akasema, akachovya kiganja chake na kukigandamiza ukutani.

Ukafuata mkono wangu, kisha wa Wanjiku, mdogo wetu, aliyepiga kelele kwa baridi ya ule udongo. Wewe ulikuwa unakula haraka uende zako. Nikakuvuta koti. "Na wewe!" Mama akasita, nakumbuka vizuri kwamba alisita. Wewe ukacheka. "Haya mwalimu, nitie sahihi wapi?" Ukaweka mkono wako juu kabisa, mkubwa kuliko yote, na kile kidole chako kilichopinda tangu ulipoangushwa na punda. Tulisimama tukautazama ukuta, na hata mama alitabasamu. Kwa muda ule mfupi sote tulikuwa nyumbani.

Jumanne wakaja askari wawili na daftari, wakiandika watu wa kila nyumba. "Mama, watoto yako iko ngapi?" Unamjua mama. Kwake kumhesabu mtoto ni kumwitia mabaya, na hata sisi tukihesabu vifaranga alitukemea. Alisema tu, "Hao unawaona." Askari mmoja akaanza kufoka. Mwenzake, aliyekuwa na sauti ya upole, akaniinamia. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilijivuna sana kwa Kiswahili changu cha shule.

"Hii mikono maridadi nani alitengeneza?"

"Sisi wenyewe."

"Mikono ngapi hapo?"

Kaka, ningesema minne tu. Minne ingekuwa ya mtu yeyote. Mama angesema mmoja ni wa jirani, na nani angembishia? Lakini tulifundishwa kwamba mtu hahesabiwi, mtu anatajwa kwa jina. Nami, mtoto mtiifu, nikatembeza kidole ukutani. "Huu ni wa mama, huu wangu, huu wa Wanjiku, na ule mkubwa ni wa Kimani."

Akaugusa mkono wako, unga mweupe ukabaki kidoleni mwake. "Na ukuta mlisiriba lini?"

"Juzi, Jumapili."

Nilijibu kama darasani. Mama hakunitazama. Walifunga daftari, wakashukuru, wakaondoka. Mama akachukua samadi mbichi akausugua mkono wako mpaka usionekane, lakini kufikia hapo ilikuwa kazi bure. Tulizuiwa kutoka nje ya lango la shamba, na hatukuwa na mtu wa kukupelekea habari. Ijumaa walikungoja kwenye mahindi nyuma ya zizi, wewe ukija kuchukua chakula.

Kule kambini uliambiwa kwamba kilichokuponza ni sufuria ya mama, kwamba alionekana akiipeleka kichakani. Uliandika hivyo katika barua yako ya kwanza, iliyotufikia baada ya miaka, na mimi ndiye niliyemsomea. "Mwambieni mama simlaumu kwa ile sufuria." Mama alikuwa anamenya viazi. Nilingoja aseme niandike ukweli. Akasema, "Mjibu kwamba nimeshukuru." Akaendelea kumenya, nami nikaandika alivyosema. Mwaka jana tulimzika kule Kabazi akiwa amesamehewa kosa langu.

Sasa ninaogopa, kaka. Ninaogopa hatua zako mlangoni. Ninaogopa utasema nilikuwa mtoto tu, maana nilipomsomea mama barua ile na kuuficha ukweli sikuwa mtoto tena. Ninamwogopa hata Karanja, ambaye hajui lolote na amekununulia blanketi kwa furaha. Nimeshaandika maneno haya mara tatu, na mara tatu nimeyatia jikoni yakaungua.

Ndiyo maana ule uji wa ngano sijaumwaga. Jumamosi, Karanja akishatoka kwenda steshenini, nitaipaka barua hii mgongoni na kuibandika juu ya kitanda chako, mahali ambapo ng'ombe wa Mama Achieng wangekaa. Karatasi iliyobandikwa kwa ngano haibanduki ikiwa nzima, na mimi ninajijua, nikisikia sauti yako nitataka kuificha. Karanja ataisoma akiwa amesimama kando yako. Na iwe hivyo.

Chini yake utakuta bakuli la udongo mweupe. Ni wa mto ule ule. Wanjiku, anayekaa na shangazi, amenitumia kwa lori ya maziwa bila kuuliza ni wa nini. Chakula nimekifunga kwenye kitambaa. Ukiona huwezi kukaa na mimi, kichukue uende, Karanja atakutafutia pa kulala, na sitakufuata barabarani nikilia. Ukiona unaweza kukaa, ukuta uko mbele yako.

Mimi nitakuwa nje bombani na ndoo. Nitaiacha ijae, imwagike, mpaka wanawake wa landhi wanigombeze. Kisha nitaingia, na nisamehe, sitaanza kwa kukusalimia wala kukutazama usoni. Nitatazama ukuta kwanza.

Karibu nyumbani, kaka, kama bado utapaita nyumbani.

Ni mimi dada yako, niliyekutaja,
Wangari