Utepe Chini ya Zulia

Johannesburg, baridi ya 2018

Mama Neema,

Chumba chako kimefunguliwa. Nilikuwepo. Jina lako halikutajwa.

Naanza na hayo kwa sababu ulikuwa unachukia watu wanaozungukazunguka kabla ya kusema jambo, na kwa sababu kufa kwako hakunipi ruhusa ya kukudanganya. Walikata utepe mwekundu, wakagawa juisi na vikeki vidogo, na bosi wako akazungumza kwa dakika ishirini na mbili. Nilihesabu. Alisema chumba kile ni cha wanafunzi na walimu kwa pamoja, meza zina magurudumu, kila kitu kinahama kulingana na kazi. Alisema wazo lilitokana na "kuwaangalia watu kwa unyenyekevu." Ulikuwa na miezi mitatu kaburini.

Neema hakwenda. Yuko mwaka wa pili pale pale chuoni, jengo la jirani, lakini alisema hataki kupiga makofi. Siku ya mazishi yako, ukumbi wa kanisa ukiwa umejaa watu wa Lubumbashi na sisi wachache wa Tanga tumebanana nyuma, alinifuata. Unajua anaelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza. Siku ile alijikaza. "Anti Zuhura, weye uliandika jina ya mama, wakamufukuza. Sasa uliandike tena." Kisha akarudi kukaa na mama zake wa kanisani. Hakulia mbele yangu. Nadhani hakutaka kunipa hata hilo.

Kwa hiyo hii ni taarifa ya kazi niliyopewa na mwanao. Wewe ndiye mhariri wake wa mwisho, na huwezi kuikata.

Nianze na saluni, maana chumba kile kilizaliwa pale. Miaka sita ulisuka nywele Joubert Park, ukiwa na shahada ya usanifu wa majengo ambayo hapa hakuna aliyetaka kuitambua. Mimi nilikuwa kichwa chako cha Jumamosi. Mama Rehema wa kiti cha pili alizoea kunichokoza: "Da Zuhura, kichwa chako kina maneno mengi kuliko nywele, mwache Mama Neema apumzike." Ukacheka, ukavuta. Ndipo siku moja ukanionyesha vile viti vya plastiki. Kila asubuhi mliviweka kwa mstari, na kila saa sita mchana vilikuwa vimehama. Mteja anayeogopa kuibiwa mkoba alisogea ukutani. Mwenye simu inayokufa alisogea kwenye soketi. Mwenye umbea alisogea karibu na Mama Rehema. "Angalia, hakuna mtu aliwaambia," ulisema. "Chumba kinajipanga chenyewe. Sisi tunakiharibishaka tu na mistari."

Ulipopata kazi ya kuchora kwenye ile ofisi ya wabunifu, na ofisi ikapata kazi ya kugeuza ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo, wenzako walileta picha za viti vya rangi kutoka Ulaya. Wewe uliomba wiki tatu na meza za mbao hafifu zenye magurudumu. Bosi alikubali kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana na wewe. Nilikuja kukutazama. Ulikuwa umepiga magoti sakafuni, na selotepu ya karatasi mdomoni, ukibandika kipande pale kila mguu wa meza ulipoishia, ukiandika juu yake siku na saa. Kwa Kifaransa, maana ulipokuwa na haraka hukukumbuka lugha nyingine. Wanafunzi walikuruka kama dimbwi. Mmoja alikuuliza kama umepoteza hereni.

Baada ya wiki tatu sakafu ilisomeka. Wanafunzi wote walikuwa ukutani, migongo imeegemea, mikoba kati ya miguu. Walimu walikuwa kwenye meza mbili za karibu na mlango. Katikati palikuwa peupe kama uwanja baada ya mechi. Ofisi nzima ilitaka kuweka katikati makochi ya rangi. Wewe uliweka kuta fupi, za kufika kiunoni, zenye soketi, ili mtu akikaa katikati awe na pa kuegemea na pa kuchajia. Na katikati ya katikati uliweka birika la chai la walimu. Ulisema profesa hatavuka chumba kwa ajili ya mwanafunzi, lakini kwa ajili ya chai atavuka.

Lilikuwa wazo zuri kuliko yote niliyoyaona katika miaka ishirini na tano ya kuandika habari za mji huu, na nililiharibu mimi.

Unaijua sheria ya saluni. Hakuna aliyeiandika ukutani: yanayosemwa kichwa kikiwa mikononi mwa mtu hayatoki nje ya mlango. Nimesikia pale mambo ya ndoa, ya vibali, ya wachungaji, ambayo yangenipa ukurasa wa kwanza mara kumi. Sikuyagusa. Halafu Jumamosi moja, maana hata baada ya kupata ofisi uliendelea kusuka siku hiyo, nikakuuliza kwa nini walimu walikaa pale mlangoni, nawe ukasema, "Ba-profesa banaikalaka pa mulango sawa bezi." Wanakaa mlangoni kama wezi. Saluni nzima ikaangua kicheko. Na baada ya kicheko ukaongeza, taratibu, kwamba hata wewe ungekaa hapo hapo, maana ni vigumu kuingia mahali ambapo kila mtu anasubiri uondoke ndipo aanze kuongea. Hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya pili. Ilikuwa na huruma ndani yake.

Niliandika nusu ya kwanza. Kwa Kiingereza safi, na jina lako kamili, na cheo ulichostahili ambacho ofisi haikuwahi kukupa: msanifu. Nilidhani nakuinua. Nusu ya pili niliikata mwenyewe, mhariri hakuigusa, kwa sababu makala ilikuwa imezidi mistari minne. Ilikuwa mistari minne kamili.

Profesa mmoja wa kamati ya chumba alikata ukurasa ule na kuupeleka kikaoni. Alisema hawezi kuchorewa chumba na mtu anayemwita mwizi. Bosi wako hakukutetea. Alikuita Jumatatu, na kufikia saa nne ulikuwa kwenye robot, taa za barabarani, na sanduku la penseli mkononi. Michoro ilibaki kwake.

Ulirudi saluni, kusuka kila siku. Mimi nilikuja Jumamosi ile ile, kwa sababu sikujua kutokuja. Mama Rehema aliniona mlangoni akasema, "Haya, gazeti limefika," na hakuna aliyecheka. Ulinionyesha kiti. Hukuniuliza mtindo. Ulinisuka twende kilioni, ile mistari ya haraka ya mtu mwenye msiba, niliyokufundisha mimi mwenyewe mwaka ule dada yangu alipofariki. Ulivuta mpaka macho yakapanda. Nilikaa kama mtoto, machozi yakitoka kwa nguvu ya mikono yako tu, au ndivyo nilivyojiambia. Ulipomaliza uliinama sikioni na kusema sentensi moja. Kisha ukakung'uta taulo.

Siku nne sikuweza kucheka bila ngozi ya kichwa kuuma. Sikufumua.

Sisemi makala yangu ilikuua. Kilichokuua ni kiharusi, asubuhi, chumbani kwako mtaa wa La Rochelle, hapa hapa Johannesburg, ukiwa unapiga pasi blauzi ya kazi. Dawa za presha zilikuwa kabatini, hazijafunguliwa. Naeleza mpangilio wa mambo: makala, kufukuzwa, kiharusi. Wiki tisa. Msomaji ataamua, na msomaji ni Neema, na ameshaamua.

Basi nikaanza kazi. Siku ya ufunguzi, baada ya zile dakika ishirini na mbili, niliinua mkono. Nikamuuliza bosi wako ni nani aliyebandika selotepu sakafuni. Alitabasamu. "Timu yetu." Nikauliza tena, nani kwa jina. Akasema, "Mama yangu, wazo zuri halina mtu mmoja." Aliniita mama. Ananizidi miaka mitatu.

Nilikwenda ofisini kwake kuomba michoro. Ina muhuri wa ofisi na saini yake. Niliomba orodha ya waliofanya kazi ile. Uliandikwa kama "msaidizi wa muda." Kule chuoni hakuna karatasi yenye jina lako hata moja. Nilimpigia msichana aliyekuwa akikaa meza ya jirani yako. Alisema anakukumbuka vizuri, ulikuwa na mkono mzuri sana wa nywele. Hilo ndilo alilolikumbuka.

Nilimwambia Neema kwamba sina ushahidi. Nilimwambia kwa simu, ili nisione uso wake. Akauliza swali ambalo mwandishi wa miaka ishirini na tano alipaswa kujiuliza: "Anti, ile selotepu, nani aliitoa?"

Hakuna aliyeitoa. Walikuwa na haraka. Walitandaza zulia juu yake, lile la vipande vya mraba vinavyopachikwa kimoja kimoja. Tulikwenda saa nane mchana, chumba kimejaa. Neema alipiga magoti karibu na ukuta mfupi wa pili, akaingiza kucha kwenye ungio, akainua. Kipande kimoja, viwili, sita. Wanafunzi walituruka kama dimbwi. Chini palikuwa na simenti ya kijivu na vipande vya selotepu vilivyogeuka njano. Mwandiko wako, ule wa kulala kulia kama unaukimbia mstari. Mardi, 10h. Mardi, 14h. Jumanne, saa nne; Jumanne, saa nane. Na kwenye kipande kimoja, kwa Kiswahili, jambo lililokuwa halina uhusiano na kazi: Neema anunue sukari.

Hapo mwanao alilia. Nilipiga picha kwanza. Ndivyo nilivyo, na unanijua. Kisha nikamshika.

Mlinzi alikuja kutufukuza. Akasoma ile ya sukari, akaguna "eish," akageuka akaenda kusimama upande mwingine mpaka tumalize kurudisha vipande.

Makala imetoka Alhamisi. Ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la magodoro. Picha ya selotepu, jina lako kamili, na neno msanifu. Ofisi ya bosi wako ilituma sentensi moja ya kuwashukuru "wote walioshiriki." Yule profesa aliniandikia barua fupi: kwa hiyo huyu ndiye aliyetuita wezi? Ndiyo, nilimjibu. Nikamtumia mistari minne niliyoikata. Ilikuwa mara ya pili kuitoa sauti yako nje ya mlango wa saluni. Hajajibu, na sitegemei ajibu.

Sasa sikiliza hali ya chumba. Kuta fupi zimebaki, na zimejaa. Meza zinahama mchana kutwa, na jioni mfanyakazi wa usafi anazirudisha kwenye mistari ya bosi, na asubuhi wanafunzi wanaziharibu tena. Wanafunzi wanakaa katikati. Wanabishana, wanalala, wanakula chipsi juu ya michoro yao. Lakini birika limeondolewa. Kamati imelipeleka kwenye chumba kidogo cha walimu kinachofunguliwa kwa kadi, na walimu wamerudi kwenye zile meza mbili za karibu na mlango, wakisubiri kitu wasichokijua. Kwa hiyo nusu ya chumba chako inaishi na nusu nyingine wameinyonga. Sitakuambia ni ushindi.

Jina lako limerudi, kwenye karatasi ambayo wiki hii inafungia samaki Rosettenville. Neema amekata ukurasa wake. Ameuweka ndani ya daftari, hajaubandika popote. Nilimuuliza kama inatosha. "Hapana," alisema, kwa Kiswahili, bila kutafuta neno. Ila jana alinitumia picha: amekaa katikati, mgongo kwenye ukuta mfupi wa pili, mkoba ameuacha mezani mbali naye, wazi. Mtu wa Joburg kuacha mkoba wazi. Ungeipima na kuibandikia selotepu.

Nywele zangu anasuka Mama Rehema sasa. Ananisamehe polepole, kwa kuvuta kidogo kidogo. Jumamosi iliyopita alinisimulia jambo zito, mikono yake ikiwa kichwani mwangu, kisha akasita, akanitazama kwenye kioo. Nikamwambia aendelee. Liko kwangu, na litabaki kwangu.

Na ile sentensi yako moja, uliyoniachia sikioni siku ile ya twende kilioni. Neema ameniuliza mara mbili ulisema nini. Mhariri wangu angeipa kichwa cha habari. Barua hii ndefu yote ningeweza kuifunga nayo, na ingefunga vizuri.

Haimo humu. Haitakuwemo popote.

Lala, Mama Neema, mgongo wako ukiwa na pa kuegemea.

Zuhura